Upasuaji umelipiwa, wiki tatu zinazofuata je?

Tangu Tanzania ilipotunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na tangu Kenya ilipoiweka kando NHIF, mfuko wake wa zamani wa bima ya afya, na kuanza na SHA, mamlaka mpya ya bima hiyo, Oktoba 2024, mazungumzo ya afya katika nchi hizi mbili yamekuwa mazungumzo ya vifurushi. Upasuaji upi umo na upi haumo, kitanda kinalipiwa siku ngapi, dawa zipi mgonjwa atajinunulia. Ni mazungumzo yaliyochelewa, na heri yamekuja. Lakini wengi wanaoyashiriki wanahesabu matibabu kuanzia mgonjwa anapopokelewa hospitali hadi anaporuhusiwa. Akirudi wodini baada ya hapo, huhesabiwa kuwa ni tukio jingine, gharama nyingine, pengine hata kosa lake mwenyewe. Kwa magonjwa mengi hesabu hiyo haileti madhara makubwa. Kwa mtu aliyewekewa ileostomia, yaani utumbo mwembamba uliotolewa nje ya tumbo ili choo kitokee hapo, inaweza kumgharimu figo zake.

Hoja yangu naiweka wazi mapema. Mgonjwa wa ileostomia anaporudishwa hospitali wiki mbili baada ya kuruhusiwa, midomo imekauka, mkojo umekuwa wa rangi ya chai na figo zimeanza kushindwa, mara nyingi si bahati mbaya, si uzembe wake, na wala si mkono wa aliyempasua. Ni matokeo yanayotabirika ya huduma iliyokatwa siku ileile ambayo mwili ulikuwa unaanza kazi ngumu. Kinga yake inajulikana na haina gharama kubwa: chombo chenye alama za mililita, karatasi ya kuandikia, maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo, na mtu anayepiga simu siku ya pili na ya tatu baada ya mgonjwa kufika nyumbani. Bima itakayolipia kisu na kusahau vitu hivi vinne itajikuta inalipia dripu, vipimo na wakati mwingine usafishaji wa damu kwa mgonjwa yuleyule.

Ileostomia ni upasuaji ambao ncha au kitanzi cha utumbo mwembamba hutolewa nje kupitia ukuta wa tumbo, kwa kawaida upande wa kulia chini ya kitovu, ili choo kitokee hapo na kuingia kwenye mfuko unaobandikwa ngozini. Mtaani watu husema tu "anatumia mfuko", na hapo humchanganya na mwenye kolostomia, yaani yule ambaye utumbo uliotolewa nje ni ule mpana. Kwa macho wanafanana. Kwa hatari ya kukauka maji wako mbali kabisa. Sababu za kuiweka ni nyingi. Daktari bingwa akikata saratani iliyo chini kabisa, karibu na njia ya haja, huunga utumbo kisha huweka ileostomia ya muda juu yake ili maungio yapone bila kupitiwa na choo. Wapo wenye vidonda sugu vya utumbo mpana ambao utumbo huo umelazimika kuondolewa wote. Na katika ukanda wetu wapo watoto na vijana ambao homa ya matumbo imewatoboa utumbo, wapo walioumia ajalini, wapo ambao utumbo ulijisokota ukaoza kabla hawajafika hospitali. Hawa wa dharura hawakupata hata saa moja ya kuandaliwa. Walipelekwa chumba cha upasuaji wakiwa na maumivu, wakazinduka wana kitu chekundu chenye unyevu kimechomoza tumboni, na siku chache baadaye wakaambiwa wanaweza kwenda nyumbani.

Ili kuelewa kwa nini siku hiyo ya kwenda nyumbani ndiyo ya hatari, lazima tuhesabu lita. Mwili wa mtu mzima humwaga ndani ya njia ya chakula maji mengi kuliko anayokunywa: mate, tindikali ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho. Ukijumlisha na chakula na vinywaji, unapata kama lita 9 kwa siku. Utumbo mwembamba hunyonya sehemu kubwa na kupeleka kama lita moja na nusu kwenye utumbo mpana, ambao nao hunyonya karibu yote, choo kikabaki na mililita 100 au 200 tu. Mwenye ileostomia ameondolewa kituo hicho cha mwisho. Baada ya wiki kadhaa utumbo mwembamba huzoea, ukanyonya zaidi, na stoma (ndiyo hiyo ncha ya utumbo iliyotolewa nje) iliyotulia hutoa mililita 500 hadi 800 kwa siku. Mwanzoni haujazoea. Unaweza kutoa lita moja na zaidi, na ukipita lita moja na nusu mgonjwa ameingia eneo la hatari. Tena kinachotoka si maji matupu. Kila lita hubeba kama gramu 6 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku; huyu anayetoa lita mbili anapoteza zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na chumvi hiyo ikitoka maji huifuata.

Hapa ndipo ushauri tunaoutoa kwa moyo mwema unapoleta madhara. Karibu kila mgonjwa wa aina hii huambiwa "kunywa maji mengi". Kwa mwenye stoma iliyotulia hakuna ubaya. Kwa mwenye stoma inayotoa sana, maji matupu yakifika sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ambako ukuta hupitisha chumvi kirahisi, huvuta sodiamu kutoka mwilini kwenda ndani ya utumbo, kisha yote hutoka pamoja mfukoni. Anakunywa zaidi, anatoa zaidi, kiu inazidi. Chai, soda na juisi hazimsaidii. Sukari nyingi iliyomo nayo huvuta maji. Dafu, ambalo sisi wa pwani tunampelekea mgonjwa kwa upendo, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni ndogo mno kwa hitaji hili. Anachohitaji ni kinywaji chenye chumvi na glukosi pamoja, kwa sababu utumbo hunyonya sodiamu vizuri zaidi glukosi inapoambatana nayo. Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Dhaka, Bangladesh ya sasa, wakati wa vita dhidi ya kipindupindu. Mama yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kuuguza mtoto wa kuhara anaijua pakiti ile. Mgonjwa wa ileostomia, ambaye kwa mwili wake ni kama anayehara kila siku, mara nyingi hakuna anayempa.

Nimeona hili kwa karibu kwa jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyekatwa saratani ya utumbo na kuwekewa mfuko wa muda. Tulipokwenda kumpa pole alikuwa ameketi kitandani, pembeni jagi la maji, chupa mbili za juisi zilizoletwa na wageni, na dafu lililokwisha kufunguliwa. "Nakunywa mno mwanangu, lakini kiu haiishi," aliniambia, na ulimi wake ulikuwa unagandia kwenye midomo alipokuwa anasema. Mfuko ulikuwa umejaa maji ya rangi ya manjano, mepesi kabisa. Binti yake alikuwa anaumwaga chooni mara nyingi mchana na usiku, ila hakuna aliyewahi kuwaambia wapime. Karatasi ya ruhusa niliyoonyeshwa ilikuwa na tarehe ya kliniki baada ya wiki sita, jina la dawa ya maumivu ya jamii ya diklofenaki, na mstari unaosema anywe maji kwa wingi. Dawa zake za presha, pamoja na kile kidonge cha kukojoza, alikuwa anaendelea kuvimeza kila asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Na kwa sababu ya presha alikuwa amekatazwa chumvi, hivyo supu anapikiwa bila chumvi. Kila kitu alichofanya mama yule alikifanya kwa utii. Kesho yake alilazwa tena akiwekewa dripu.

Wala hili si la kwetu tu. Mwaka 2012 madaktari wa Hershey, Pennsylvania, Marekani, walichapisha hesabu ya wagonjwa wao 603 waliowekewa ileostomia ya kitanzi: asilimia 16.9 walirudi kulazwa ndani ya siku 60, na sababu iliyoongoza, kwa asilimia 43 ya waliorudi, ilikuwa upungufu wa maji mwilini. Mwaka huohuo hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ikachapisha matokeo yanayostahili kujadiliwa katika kila kikao cha idara ya upasuaji. Kabla ya kubadilisha utaratibu, katika wagonjwa 161 wa ileostomia, asilimia 35.4 walirudi kulazwa, na asilimia 15.5 walirudi kwa sababu ya kukauka maji. Baada ya kubadilisha, katika wagonjwa 42 waliofuata, waliorudi kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 21.4, na kwa kukauka maji hakurudi hata mmoja. Mabadiliko yenyewe hayakuwa mashine. Mgonjwa alifundishwa kabla ya upasuaji. Wodini alitakiwa amwage mfuko wake mwenyewe, apime na kuandika, siyo kuandikiwa na muuguzi. Alipotoka alipewa chombo cha kupimia na karatasi ya kujaza anachokunywa na anachotoa, na wauguzi wakamfuata nyumbani.

Upasuaji huu, ukiangalia historia yake, uliokolewa na uangalizi kuliko na kisu. Mwaka 1952 Bryan Brooke wa Birmingham, Uingereza, alipata namna ya kukunja ncha ya utumbo ikachomoza kama chuchu, na majimaji yakaacha kuichoma ngozi. Lakini wagonjwa waliendelea kuhangaika hadi Rupert Turnbull, daktari wa upasuaji wa Cleveland Clinic, alipomwajiri Norma Gill mwaka 1958 awe mshauri wa wenye stoma. Gill hakuwa muuguzi. Alikuwa mgonjwa wa Turnbull mwenye ileostomia yake mwenyewe, aliyeonyesha kwamba aliyepita njia ile anaweza kumshika mkono anayeianza. Taaluma nzima ya uuguzi wa stoma duniani imetokana na hapo. Nalitaja hili kwa sababu katika nchi zetu tunapozungumzia upungufu wa wauguzi waliosomea stoma, tunaongea kana kwamba hakuna la kufanya hadi chuo kifunguliwe. Wapo watu waliokwishaishi na mfuko miaka mingi, na ujuzi wao hakuna anayeuomba.

Sasa nije kwenye hoja za wanaoliona jambo hili vingine, maana zipo zenye uzito. Ya kwanza ni ya wauguzi na madaktari wenyewe: tusimruhusu mapema, akae wodini mpaka stoma itulie. Tangu miaka ya 1990, Henrik Kehlet wa Denmark alipoonyesha kwamba mgonjwa wa upasuaji wa utumbo anaweza kula, kusimama na kwenda nyumbani mapema kuliko ilivyozoeleka, siku za kulazwa zimepungua duniani kote, na wapo wanaoamini kwamba kurudi wodini ndiyo bei ya haraka hiyo. Naielewa hofu yao. Lakini stoma huchukua wiki kadhaa kutulia, na hakuna wodi ya rufaa katika ukanda huu yenye nafasi ya kumweka mtu muda huo wakati wengine wanalala wawili kitanda kimoja au chini. Kila siku ya ziada wodini huja na hatari ya maambukizi, na kwa familia huja na nauli, chakula cha kuletwa na kazi iliyoachwa. Zaidi ya hayo, mgonjwa aliyekaa siku kumi wodini akipimiwa kila kitu na muuguzi anaweza kutoka hajui chochote kuliko aliyekaa siku tano akijipimia mwenyewe. Siku chache ziongezwe kwa yule ambaye stoma yake inatoa zaidi ya lita moja na nusu au ambaye bado hawezi kumwaga mfuko wake. Kwa wengine, kinachokosekana ni kazi ya siku zile walizokaa.

Ya pili inatoka kwa wanaoogopa hesabu zenyewe. Wanasema kurudi hospitali si aibu. Mara nyingine ndiko kunakookoa maisha, na ukianza kuziadhibu hospitali kwa wagonjwa wanaorudi utazifundisha kuwafungia mlango. Hoja hii naiheshimu sana. Oktoba 2012 Marekani ilianza kupunguza malipo ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kwa hospitali ambazo wagonjwa wake wa moyo na nimonia walikuwa wanarudi kupita kiasi; baadaye makato yakafika hadi asilimia 3. Idadi ya wanaorudi ikapungua. Kisha mwaka 2018 ukachapishwa utafiti mkubwa uliohusisha miaka hiyo na ongezeko la vifo vya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi na wa nimonia baada ya kuruhusiwa, wengine wakaupinga, na mabishano hayajaisha. Ndiyo maana sitaki bima zetu ziige fimbo ile. Mtoto ambaye utumbo wake umeziba, anatapika na stoma haitoi kitu, lazima arudi, na arudi usiku huohuo. Tunachotafuta ni kupunguza sababu ya kurudi, na kwa hawa sababu inayoongoza inazuilika. Bima ilipie kinga, isikate malipo ya tiba.

Ya tatu ni ya watafiti, nayo ni ya haki: wagonjwa 42 wa Boston ni wachache, walilinganishwa na wa zamani badala ya kugawanywa kwa kura, na wanatoka kwenye jiji lenye wauguzi wa kutembelea nyumbani. Kweli kabisa. Hospitali nyingine zilizojaribu utaratibu wa aina hiyo hazikupata sifuri kila mahali, na idadi ya jumla ya wanaorudi haikushuka kila mahali, kwa kuwa maambukizi na kuziba kwa utumbo havizuiliwi kwa jagi. Lakini mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Ugiriki uliogawa wagonjwa kwa kura, kundi moja likapewa kinywaji chenye chumvi na glukosi baada ya kuruhusiwa. Waliokipewa walirudi wodini kidogo kuliko wenzao. Ukiweka hilo pamoja na namna utumbo unavyofanya kazi, na kumbuka kwamba kinga inayopendekezwa haina madhara makubwa, sioni tunachosubiri. Tena joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, jasho, na umbali wa kwenda hospitali vinatuweka kwenye hatari kubwa kuliko Boston. Tukisema utafiti ule si wetu, basi tuseme pia kwamba hitaji letu ni kubwa kuliko lao.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa zaidi kwenye korido: wagonjwa hawafuati maelekezo. Nimeisikia kutoka kwa watu wenye elimu, na inaumiza kwa sababu inafunga mjadala kabla haujaanza. Maelekezo yapi? Yule mama alifuata maelekezo yote, na maelekezo ndiyo yaliyomkausha. Mgonjwa anayeambiwa apunguze chumvi na daktari wa presha na hajaambiwa vingine na daktari wa upasuaji hana namna ya kujua kwamba mwili wake umebadilika. Anayeambiwa "ukiona unatoa sana urudi" hajui sana ni kiasi gani, kwa kuwa mfuko hauna sauti na yeye hana kipimo. Na wapo wasio na mfuko wenyewe. Mfuko wa stoma ni ghali, haupatikani kila duka la dawa, na wengi hulazimika kufunga vitambaa au mifuko ya plastiki. Kitambaa cha khanga kilicholowana na kufuliwa mara sita kwa siku hakuna awezaye kukisoma mililita. Kumlaumu mtu huyo kwa kutojua kwamba ametoa lita mbili ni kumdai kitu ambacho hatukumpa. Mfuko wenye kufunguka chini, unaomwagika kwenye kopo lenye alama, ni kifaa cha uchunguzi kama kilivyo kipimo cha presha, na bima inapaswa kuutazama hivyo badala ya kuuweka kundi moja na vitu vya starehe.

Basi kifurushi kinachomfaa mgonjwa huyu kinaanza kabla hajapasuliwa, pale inapowezekana, kwa kuwekewa alama tumboni akiwa ameketi, amesimama na ameinama, ili mfuko ukae mahali usipovuja. Wodini, muuguzi anaacha kummwagia mfuko kuanzia siku anapoweza kuketi. Anamwangalia akifanya mwenyewe au ndugu yake anayemuuguza akifanya, na haruhusiwi kutoka mpaka wamefanya na kuandika bila kusaidiwa. Dawa zake hupitiwa moja moja: kidonge cha kukojoza, dawa za presha za jamii ya enalapril na losartan, na za maumivu za jamii ya diklofenaki zote huongeza hatari kwa figo zilizokauka, na daktari lazima aamue kwa maandishi ipi isimame na kwa muda gani. Vidonge vya kuyeyuka polepole vinaweza kutoka vizima mfukoni, na ndugu hushtuka kuviona humo. Loperamaidi inayomezwa kama nusu saa kabla ya chakula hupunguza kasi ya utumbo, na ni dawa ya bei nafuu. Ugali, wali, ndizi na viazi huufanya uchafu uwe mzito. Supu ya huyu iwe na chumvi, hata kama ya baba mwenye nyumba haina.

Kuhusu kinywaji, kuna jambo la kitaalamu ambalo wauza dawa wanapaswa kulijua. Pakiti ya ORS ya sasa, kwa mapendekezo ya WHO ya tangu 2002, ina sodiamu milimoli 75 kwa lita. Ile ya zamani ilikuwa na 90. Kwa mtoto anayehara mabadiliko yale yalikuwa mazuri. Kwa stoma inayotoa sana, wataalamu wa lishe ya utumbo hulenga 90 au zaidi, na hospitali ya St Mark's ya London imejulikana kwa mchanganyiko wake wa gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kawaida na gramu 2.5 za baikaboneti ya soda katika lita moja ya maji. Famasia ya hospitali yoyote ya mkoa au kaunti inaweza kupima unga huo na kuufunga kwenye pakiti. Mgonjwa asibahatishe nyumbani. Apewe tayari, aambiwe anywe lita moja kidogokidogo kutwa, na maji matupu na chai yapunguzwe mpaka stoma itulie. Waislamu waambiwe mapema na kwa heshima kuhusu Ramadhani: ruhusa ya mgonjwa kutofunga inawahusu wao moja kwa moja katika miezi hii, na sauti ya imamu wa msikiti wao hapo ina nguvu kuliko ya daktari.

Kisha kuna simu. Sehemu hii ndiyo inayoniudhi zaidi inapokosekana, kwa maana nyenzo zipo. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 Septemba 2023. Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024, ukilenga zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Rwanda inao kila kijiji. Watu hawa tayari wanafundishwa kuhara kwa watoto, kwa hiyo kuwafundisha kuuliza mfuko umetoa kiasi gani tangu jana, mkojo ni mara ngapi na wa rangi gani, na kama kizunguzungu kinamjia anaposimama, ni kazi ya asubuhi moja. Kinachokosekana ni hospitali kumwambia mhudumu wa kijijini kwamba mtu wa aina hiyo amerudi nyumbani, na namba moja wodini ambayo mhudumu akipiga Jumamosi jioni kusema "ametoa lita mbili" atajibiwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema aje au abadilishe dawa. Tarehe ya kwanza ya kurudi isiwe wiki sita. Iwe ndani ya wiki moja, katika kituo cha afya cha jirani, apimwe uzito, presha akiwa amelala na amesimama, na damu yake ichukuliwe kuangalia kreatinini, kipimo kinachoonyesha kazi ya figo, na chumvi.

Limebaki la kufunga. Ileostomia nyingi za muda hupangwa kurudishwa ndani baada ya miezi miwili au mitatu, lakini tiba ya saratani, foleni ya chumba cha upasuaji na ukosefu wa nauli huisogeza tarehe, na wapo wanaokaa mwaka na zaidi. Muda wote huo figo ziko hatarini, na uharibifu wake mwingine haurudi hata utumbo ukisharudishwa ndani. Leo hospitali ikipanga foleni hiyo kwa tarehe ya upasuaji wa kwanza, kijana aliyelazwa mara mbili kwa kukauka maji atasubiri nyuma ya mwenzake ambaye stoma yake ni tulivu. Daftari la foleni liongezwe safu moja ya kreatinini ya mwisho, na mwenye figo zinazoshuka atangulie.